Kinga ya Kale: Tuitengeneze Mpaka Wapi?

Kuna maswali yanayodhaniwa kuwa ya mafundi tu, kumbe yamhusu kila mtu mwenye akili na dhamiri. Mojawapo ni hili: mwenye kitu cha zamani kilichochakaa aweza kukitengeneza mpaka wapi bila kukiharibu? Hatusemi kukivunja, kwa maana kuvunja kila mtu hukuona kwa macho. Twasema kukiharibu kwa kule kukitengeneza. Jambo hilo lawezekana, tena hutendeka kila siku, mara nyingi kwa nia njema kabisa.

Tutachukua mfano mmoja tu, nao ni wa kinga, ile ambayo wenzetu wa pwani huiita baiskeli. Wala si kinga ya kubebea ndizi. Twataka ile ya mashindano ya uwanjani, iliyotengenezwa Ulaya zamani za chuma. Viwanja vyake ni vya mviringo, sakafu yake mara nyingi ni ya mbao, na kwenye kona njia huinuka ubavuni kama ukuta wa bakuli. Kinga ya humo haina freni hata moja. Haina gia za kubadili. Jino la nyuma limefungwa moja kwa moja na gurudumu, hata gurudumu likizunguka, pedali nazo lazima zizunguke. Mpandaji hawezi kupumzisha miguu, na akitaka kupunguza mwendo hushindana na pedali kwa nguvu za mapaja yake. Pete inayolishika jino hilo lisilegee imekatwa nyuzi za kinyume, nayo hufungwa kwa kugeuzwa kushoto. Mahali pa kushikia gurudumu la nyuma pamefunguliwa kuelekea nyuma, ili mnyororo uvutwe ukazwe sawasawa. Mipira yake imeshonwa kama utumbo, ikabandikwa juu ya rimu kwa gundi.

Kitu cha namna hiyo na milima ya Masisi ni maadui. Anayeijua njia ya kutoka Karuba kushuka Mushaki hata Sake anaelewa upesi. Lakini vitu vilivyotumika Ulaya hufika Goma kwa wingi, na hakuna ajuaye kilichomo ndani ya mzigo mpaka ufunguliwe. Basi tuseme kinga moja ya namna hii imefika, ikapanda mpaka kwetu, ikaangukia mikononi mwa kijana mwenye ufunguo na chupa ya mafuta. Rangi imebanduka. Kiti cha ngozi kimepasuka. Kutu imeshika viungo, na bomba moja lina bonyeo kubwa kama kidole gumba. Afanye nini?

Watu wawili watamshauri. Wa kwanza atasema: kwangua yote, paka rangi mpya inayong'aa, toboa uma utie freni, badili magurudumu, nayo itapendeza kama imetoka dukani jana. Wa pili, pengine amekaa mjini na kusoma majarida ya wazungu wapendao vitu vya kale, atasema: usiguse kitu, hata vumbi lake ni la historia. Sisi twaona kwamba wote wawili hawajaiuliza kinga yenyewe ni nini.

Aristotle alifundisha kwamba ukitaka kukijua kitu kwa hakika, uliza mambo manne: kimefanywa kwa kitu gani, kina umbo gani, nani amekifanya, na kwa ajili ya nini. Mafundisho hayo hukaririwa katika seminari hata mwanafunzi kuyaota usiku, lakini ni mara chache kuyapeleka mpaka kwa fundi wa kinga. Tuyapeleke leo.

Kwanza tutazame chukudu, kwa maana chukudu ndicho chombo chetu wenyewe. Tangu miaka ya 1970 chukudu kimebeba mizigo ya Kivu ya Kaskazini: viazi, makaa, kabichi, mbao, maji. Ni mbao tupu, hasa za mkalitusi na za miti migumu. Magurudumu mawili ya mti yaliyovikwa mpira wa gari uliokwisha kazi, gidoni kama pembe za ng'ombe, na kipande cha mpira cha kuwekea goti. Mwenye kukiendesha hupiga goti moja juu ya ubao na kusukuma ardhi kwa mguu wa pili. Huko Goma kimesimamishiwa sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa njia, na ni haki yake, maana viko vyombo vingi vyenye sanamu duniani ambavyo havikumlisha mtu hata mmoja. Sasa angalieni. Mwenye chukudu hubadili mpira unapolika. Gurudumu likipasuka hukata jingine. Ubao ukivunjika hutia mwingine. Baada ya miaka kadhaa hakuna hata kipande kimoja cha kwanza kilichosalia, naye bado asema, “Hiki ndicho chukudu changu kilichonijengea nyumba.” Je, asema uongo?

Swali hilo ni la kale kuliko chukudu. Plutarch aliandika kwamba watu wa Athene waliitunza merikebu ya shujaa wao Theseus, wakaondoa mbao zilizooza na kutia nzima mahali pake, hata wenye hekima wakagawanyika: wengine walisema ni merikebu ile ile, wengine wakasema siyo. Mwaka 1655 Mwingereza Thomas Hobbes akaongeza fumbo: je, kama mtu angaliziokota zile mbao za kale, moja moja, akaziunga tena kwa mpango wa kwanza, merikebu ya kweli ingalikuwa ipi? Huko Ulaya fumbo hilo hudhaniwa kuwa mchezo wa akili. Kwetu hutendeka. Mpira uliotoka kwenye gari huzunguka tena kwenye chukudu, ukichakaa hapo waweza kuwa kandambili, na kiungo cha kinga iliyokufa hufufuka katika kinga ya jirani. Lakini hakuna anayesema kandambili zake ni gari.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliligusa jambo hili alipokuwa akijibu wale wasiosadiki ufufuko wa mwili. Walimwuliza, mwili wa mtu utafufukaje ule ule, kama katika maisha yake nyama yake huja na kwenda? Akajibu kwa mfano wa moto: kuni huungua na kuisha, nyingine huongezwa, na moto ni ule ule. Kilichobaki ni umbo, yaani ule mpango wa ndani unaokifanya kitu kiwe kile kilivyo. Kwa jibu hilo mwenye chukudu hakudanganya. Chukudu chake ni moto, na mbao ni kuni.

Lakini hapo tusiende mbio. Mtu aweza kusema: kama ndivyo, kijana wetu abadili kila kitu katika kinga yake, umbo litabaki, neno limekwisha. Halijaisha. Chukudu hufanywa na mtu aliye hai, ambaye kesho aweza kufanya kingine kwa shoka lile lile. Ukimwuliza kwa nini alikata pembe hivi, atakujibu. Kinga ya kale siyo hivyo. Aliyeziunga bomba zake amekwisha kufa, na yale aliyoyajua mkononi mwake hakuyaandika. Yamo ndani ya chuma. Ukitazama karibu utaona jinsi alivyochonga kwa tupa vile vikombe vya viungo mpaka vikawa vyembamba kama ukucha, apunguze uzito na aongoze nguvu zisikusanyike mahali pamoja. Bomba zenyewe huenda ni za ule mchanganyiko wa chuma, manganizi na molibdeni ulioanza kuuzwa na Reynolds wa Uingereza mwaka 1935. Ni nene kwenye ncha na nyembamba katikati, na huungwa kwa shaba kwa moto wa kiasi. Fundi mwenye haraka akizichomelea kwa umeme kama anavyochomelea mlango wa chuma, atazichoma uhai wake. Kwa nje zitaonekana nzima.

Kwa hiyo kitu chaweza kuwa chombo, tena chaweza kuwa shahidi. Chombo hutumika, shahidi husema yaliyotukia. Chukudu ni chombo zaidi kuliko shahidi. Kinga hii ni vyote viwili pamoja, nayo yatudai mara mbili.

Tukilishika hilo, kijana wetu apata njia. Katika kinga ziko sehemu ambazo fundi wa kwanza mwenyewe alizitia akijua zitakwisha: mipira, mnyororo, gololi na grisi, mkanda wa pedali. Kuzibadili ni kumtii. Asiyezibadili kwa sababu ni “za asili” amheshimu vibaya, kama mtu asiyenyoa nywele zake kwa kuwa mama alimzaa nazo. Tena ziko sehemu ambazo fundi alizitia zikae: mwili wa bomba, viungo, namba iliyogongwa chini karibu na pedali, hata rangi. Hizo haziguswi pasipo sababu inayoweza kutajwa kwa sauti mbele ya watu. Rangi mpya ni nzuri, lakini rangi ya kwanza hupakwa mara moja tu duniani. Mtu aipanguse kwa sabuni laini na kitambaa, atie mafuta mahali pa kutu, asugue taratibu siku tatu badala ya saa moja, na mara nyingi atastaajabu kuona chini ya uchafu mstari mwembamba uliochorwa kwa mkono.

Na bonyeo je? Na kutu je? Hapa twapenda kuazima maneno ya zahanati. Kutu ni kidonda: bado inakula, kesho itakuwa kubwa kuliko leo, nayo lazima itibiwe. Bonyeo ni kovu: limekwisha tulia, haliendelei, na halimzuii mpandaji. Kidonda hutibiwa, kovu huachwa. Lakini kama bomba limepasuka pale kwenye bonyeo, hilo siyo kovu tena, na asiyelitengeneza kwa kupenda historia atamwua mtu.

Ziko kinga ambazo hata kidonda huachwa wazi. Katika Italia ya kaskazini, juu ya ziwa la Como, kuna kanisa dogo la Bikira Maria wa Ghisallo, ambaye Papa Pius XII alimtangaza msimamizi wa waendesha baiskeli mwaka 1949. Ndani yake zimetundikwa kinga za washindi wakubwa. Kati yake iko moja iliyopindika, ya Fabio Casartelli, bingwa wa Olimpiki ya Barcelona wa mwaka 1992, aliyeanguka na kufa tarehe 18 Julai 1995 kwenye mteremko wa milima ya Pyrenees, katika mashindano ya kuizunguka Ufaransa. Hakuna aliyeinyosha. Kuinyosha kungekuwa kumfuta yule kijana. Kinga ile imeacha kuwa chombo, imebaki shahidi tu, na watu husali karibu nayo. Lakini tusichukue mfano huo tukautundika juu ya kila kifaa kilichovunjika nyumbani. Uvivu nao hupenda kujiita heshima.

Tuje kwenye freni, maana hapo ndipo ubishi mkali ulipo. Mpenzi wa vitu vya kale asema: kinga ya uwanjani yenye freni si kinga ya uwanjani tena. Ni kweli kwa sehemu. Kukosa freni ni katika umbo lake, siyo upungufu wake. Uwanjani wote huenda upande mmoja, na anayefunga freni ghafula huwaangusha walio nyuma yake. Ila njia ya Karuba siyo uwanja. Ina watoto wanaotoka shuleni, ina ng'ombe, ina akina mama wenye mizigo migongoni. Mwenye kushuka pale pasipo freni kwa ajili ya kuhifadhi “asili” ya chuma, ameweka chuma juu ya shingo ya mtoto wa mwenzake. Amri ya tano haikuacha nafasi kwa wapenda vitu vya kale.

Basi atie freni. Sasa swali la pili: aitieje? Kuna kutoboa uma kwa bisibisi ya umeme na kupitisha msumari. Kuna kuifunga freni kwa mkanda wa chuma uliozunguka uma, wenye ngozi chini yake usikwaruze rangi. Zote mbili zitasimamisha gurudumu. Tofauti ni kwamba tundu halirudi. Mkanda waweza kuvuliwa na mtoto wake au na mjukuu, nayo kinga ikawa kama ilivyokuwa. Huko Venice mwaka 1964 wataalamu wa majengo ya kale waliandika mapatano juu ya kutengeneza, wakasema kazi hiyo lazima ikome pale kubahatisha kunapoanza, na kwamba kilichoongezwa mahali pa kilichopotea kipatane na kizima, lakini kiweze kutambulikana, ili ushuhuda usigeuzwe uongo. Walifikiri makanisa na majumba. Twaona maneno yao yaenea hata kwenye kinga ya Karuba, na pengine yaenea vizuri zaidi, kwa kuwa kinga haina wizara ya kuitetea.

Msomaji mmoja atatushika hapa. Atasema: mwaka 1972, tarehe 25 Oktoba, Mbelgiji Eddy Merckx alikwenda kilometa 49 na mita 431 kwa saa moja huko Mexico, juu ya kinga iliyotengenezwa na Ernesto Colnago, isiyofika kilo 6, na Colnago alitoboa hata mnyororo ili kuipunguzia uzito. Kinga hiyo imewekwa katika kioo kwenye stesheni ya treni ya chini ya ardhi huko Brussels, na matundu yake ndiyo fahari yake. Kwa nini tundu la Colnago liwe fahari na tundu la kijana wetu liwe hasara? Jibu ni fupi. Colnago alitoboa kazi yake mwenyewe, kwa kusudi lile lile alilolitengenezea. Sisi tungetoboa kazi ya mtu mwingine asiyeweza kuulizwa, ilhali njia nyingine ipo. Pasingekuwa na njia nyingine, tungetoboa bila kulia.

Kuna jambo lingine lisilosemwa sana. Neno “asili” lina utamu, na mtu aweza kudhani kwamba kukirudisha kitu kwenye asili yake ni kukirudisha kwenye usafi. Mwaka 1888, huko Belfast, John Boyd Dunlop alipata hati ya mpira wenye hewa ndani. Dunia ikapanda kinga kwa furaha. Mpira huo ulitoka wapi? Sehemu yake ilitoka kwetu, katika Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold II, iliyodumu tangu 1885 hata 1908. Hasa katika misitu ya Ekwateri na Kasai, watu walilazimishwa kugema utomvu wa mitambaa ya porini. Wanawake walifungwa rehani mpaka waume zao walete kilo zilizotakiwa, na mikono ya watu ilikatwa. Roger Casement aliyaandika hayo katika taarifa iliyotolewa mwaka 1904. Kwa hiyo anayetengeneza kinga ya miaka ile na kujisifu kwamba ameirudisha kama ilivyokuwa, akumbuke ilivyokuwa. Hatusemi aitupe. Kinga haikumkata mtu mkono. Ila kulinda tabia ya kitu ni pamoja na kulinda ukweli wake wote, nao ukweli huo hausugulwi kwa kitambaa.

Ndiyo maana biashara ya ukale wa bandia yatuchukiza. Wako watu, mijini na ng'ambo, wanaochukua mwili wa kinga ya kawaida, wanabandika jina la fundi mashuhuri, wanafuta namba kwa tupa, wanatia kutu kwa chumvi, kisha wanauza. Kutia kipande kipya pasipo kusema ni uongo mdogo. Kutengeneza mzee kutoka kwa kijana ni uongo mkubwa. Kijana wetu akibadili uma, aseme. Akiiuza, aseme tena. Vipande alivyoviondoa avitie mfukoni, vifuatane na kinga, pamoja na karatasi ya kueleza alichokikuta na alichokitenda. Jambo hilo halina gharama.

Mwisho tusikilize pingamizi la mwenye njaa, kwa maana ndilo zito kuliko yote. Mwaka 2023 vita vilifika Mushaki na Karuba. Watu waliteremka kwa miguu, godoro na masufuria juu ya chukudu, wakakaa chini ya turubai kando ya Goma. Mapema mwaka 2025 kambi nyingi zilivunjwa, wakaambiwa warudi. Aliyerudi akakuta nyumba haina mabati, atamsikiliza nani anayehubiri juu ya mstari wa rangi kwenye bomba la kinga? Ana haki ya kukasirika. Upendo una daraja zake: mtu kwanza, kitu baadaye. Kama kinga ile itanunua dawa ya mtoto, iuzwe leo, hata kwa asiyejua thamani yake, hata kwa mtu atakayeipaka rangi ya samawati. Kama ndiyo pekee ya kupeleka viazi sokoni, ifungiwe ubao nyuma ipeleke viazi.

Lakini tumewaona waliorudi. Kwanza hutafuta mabati, ni kweli, na mbegu. Halafu, kazi ikipungua, huanza kuchimbua majivu wakitafuta kitu kimoja cha zamani, kifuniko cha birika au jembe la baba, na wakikipata hawakipaki rangi. Kwa nini wafanya hivyo hatukuwauliza. Si swali la kumwuliza mtu aliyeshika jembe la baba yake.

Kijana wetu basi asugue taratibu, abadili mipira, aache bonyeo, afunge freni kwa mkanda na ngozi. Nayo kinga itateremka salama hata Sake. Kupanda kurudi Karuba, kwa gia ile moja, ataisukuma kwa mikono, nyuma ya wenye chukudu.